Kandambili ya Mama na Trekta Lililoitwa Mkwe

Tu… tu… tu… halafu kimya. Baba anaguna, anatema mate viganjani, anazungusha tena hendeli. Tu… tu… tu-tu-tu-tu! Hapo mabati ya ua yanaanza kutetemeka, masufuria ya Bi Mwanahawa yanagongana kichanjani, na kuku wote wanarukia juu ya paa la choo.

Hata leo nikipita Kariakoo siku umeme umekatika, wenye maduka wakiwasha majenereta yao barazani, miguu yangu inagoma. Nasimama katikati ya njia natabasamu kama chizi. Wachukuzi wananifokea, "Dada, sogea, mzigo huo! Unaota mchana?" Ndiyo, naota. Wao wanasikia jenereta. Mimi namsikia Mkwe.

Mkwe lilikuwa trekta letu. Msije mkadhani ni yale matrekta makubwa ya mashamba ya serikali, ambayo dereva wake anapanda kama anapanda mnazi. Letu lilikuwa dogo, usukani wake ulimfika Baba kifuani tu akisimama kando. Rangi yake ilikuwa bluu iliyopauka, taa imebaki moja, na kiti chake cha chuma kilikuwa na matundu matundu, ukikikalia kwa muda unainuka na chapa ambayo huwezi kumwonyesha mtu.

Baba alikuwa fundi wa winchi bandarini. Alilikuta trekta hilo katika karakana moja ya Gerezani, limefunikwa magunia, kuku ametagia kitini. Lilikuwa la mzungu mmoja wa mkonge aliyekwisha kurudi kwao. Sijui walielewana vipi na mwenye karakana. Najua tu kwamba siku moja Baba alikwenda kazini na baiskeli akarudi kwa miguu, na kwamba redio yetu nayo iliondoka nyumbani ikiwa imefungwa kwa shuka. Jumamosi iliyofuata tukamsikia Baba anakuja, tu-tu-tu-tu, watoto wa mtaa mzima wanamkimbilia nyuma.

Sasa, Baba huyu alikuwa mtu wa kupima. Bolti ikizidi upana wa unywele aliitupa. Lakini siku ile, kwa furaha, alisahau kupima mlango wa ua. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na mlango wa ua ulitazama kichochoro. Trekta likafika pale, likagoma kuingia. Limezidi kwa shubiri moja. Toka alasiri hadi karibu na magharibi Mkwe amesimama kichochoroni na wanaume wanalizunguka wakitoa mawazo. Mmoja anasema litolewe matairi. Mwingine anasema liuzwe.

Akatoka Bi Mwanahawa, mwenye nyumba, mtu wa Mzizima wa tangu na tangu, mwembamba kama ufito lakini sauti yake ilitosha mitaa mitatu.

"Mnamwacha mgeni nje mpaka lini? Ng'oeni hayo mabati mawili, apite!"

Yakang'olewa. Likaingia. Bibi akaleta chetezo chake cha ubani, akaanza kulifukiza, mbele, nyuma, akainama na makaa yake mekundu mpaka chini ya tangi la mafuta. Baba akaruka, "Bibi, hapo hapana! Mafuta hayo, tutaungua sote!"

"Niache nimfukize mkwe wangu."

"Mkwe, Bibi?"

"Amekuja kukaa, anakula sana, ana sauti kubwa, na hakuna wa kumgombeza. Sasa huyo kama si mkwe ni nani?"

Ua mzima ukacheka, na jina likakaa. Baada ya wiki moja kanga zilikuwa zinaanikwa kwenye usukani. Mama Zubeda wa chumba cha pili alitegesha ungo wake wa unga wa vitumbua juu ya boneti. Mimi, kila nikitoka shule, nilikuwa dereva. Jina langu la ubatizo ni jingine, lakini Bi Mwanahawa aliniita Chiku kwa sababu ya domo, na Chiku huyo aliendesha trekta lililozimwa hadi Mahenge kwa bibi yangu mzaa mama, hadi Makka kumpeleka Bi Mwanahawa, na siku moja hadi mwezini, ingawa huko sikukaa kwa sababu niliitwa kwenda dukani kupanga foleni ya sabuni.

Kuhusu Mama. Mama alikuwa mtu wa Mahenge, na udongo ulikuwa kama ndugu yake. Tulikuwa na shamba la eka moja na nusu kule Tabata, ambako wakati huo kulikuwa pori na minazi michache. Tulipewa na ofisi ya kata, maana miaka ile hata mtu wa mjini aliambiwa alime. Ardhi ilikuwa ya wote. Ukiiacha ikaota majani, anapewa mwingine. Mama alikuwa akienda kule kwa miguu, jembe begani, anarudi jioni ananukia jasho na majani mabichi, anaimba.

Halafu akazaliwa mdogo wangu, na alizaliwa kwa kisu. Mama alikaa hospitali muda mrefu. Aliporudi, daktari alikwisha mwambia: jembe basi, kuinama basi. Mimi niliambiwa tu kwamba Mama ana mgongo. Nilijiuliza, nani hana mgongo?

Aliacha kuimba. Alikuwa akikaa kizingitini, mtoto mapajani, anatazama mbegu tatu za mahindi alizopanda katika kopo la maziwa ya unga. Viazi vikitoka sokoni, kabla ya kuviosha alikwangua udongo wake kwa ukucha, akausugua baina ya vidole. "Wa Kisarawe huu," anasema polepole. "Mwekundu." Kisha ananawa.

Bwana shamba alikuja nyumbani wiki moja kabla masika hayajaanza. Alikuwa kijana mpole wa kata, kalamu sikioni. "Shamba lenu nimelipita, Mama Chiku. Majani yamenifika kiunoni. Nitarudi Jumatatu ijayo. Nikikuta limelimwa, nitaandika limelimwa. Nikikuta majani, nitaandika majani. Na kuna watu watatu wanaliomba."

Mama akajibu, "Sawa, mwanangu," akamkaribisha chai isiyo na sukari. Alipoondoka, Mama alikwenda kusimama nyuma ya Mkwe, mahali ambapo hakuna anayemwona, ila mimi nilikuwa chini ya trekta.

Basi kila kitu kikawa juu ya Baba na Mkwe. Lakini bandarini meli zilikuwa zimepanga foleni kama sisi wa sabuni, Baba anafanya kazi hadi Jumamosi. Ilibaki Jumapili moja. Na Jumapili ile nayo ilikuwa na mkia wake: mafuta yalikuwa adimu nchini, amri ikatoka kwamba Jumapili ikifika saa nane mchana, gari la mtu binafsi lisionekane barabarani.

Katikati ya wiki ile, kandambili ya Mama ya kushoto ikapotea.

Mnacheka. Ninyi hamjui kandambili ilivyopatikana miaka ile. Nilituhumiwa mimi kwanza, nikachapwa, kisha akatuhumiwa mbuzi wa jirani. Tulipekua mpaka ndani ya pipa la maji. Siku nne Mama alitembea uani na kandambili yake ya kulia ya kijani, na kushoto amevaa kiatu cha mti cha Bi Mwanahawa. Kofi, kwata, kofi, kwata. Baba jioni akija anainama kwenye trekta, anagonga gonga mbao na waya huko miguuni.

Jumapili ikafika na dizeli haijafika. Misa hatukwenda. Saa nne na nusu rafiki wa Baba akaleta galoni mbili, amezificha ndani ya kapu la dagaa, na mpaka leo nikinusa dagaa nasikia na dizeli. Tu… tu… tu-tu-tu-tu! Mama kakaa juu ya bawa la gurudumu la kulia, amejishika, mimi la kushoto, mdogo wangu tumemwacha kwa Bi Mwanahawa. Mtaani wakatupigia makofi.

"Mama Chiku, safari ya wapi, harusini?"

"Shamba!"

"Na kanga mpya?"

Tukapita Ilala, tukapita Buguruni, tukaingia njia ya mchanga. Saa sita tuko shambani. Baba akateremsha plau iliyofungwa nyuma ya trekta, akaanza.

Jamani, nilimpenda baba yangu, lakini sijaona mtu akilima vibaya vile. Mtaro wa kwanza ulikwenda kama nyoka aliyekanyagwa. Wa pili ukavuka wa kwanza. Plau mara inaparura juu juu, mara inazama, Mkwe anakohoa moshi mweusi, anazimika, Baba anashuka anapiga hendeli, anaanza upya. Mama kasimama pembeni chini ya jua, mikono kiunoni. Halafu akasema kidogo, kisha akasema kwa nguvu.

"Baba Chiku, inua kidogo! Hapo ni tope, usiende hapo! Tazama mbele, mbona unatazama nyuma?"

"Nitazame mbele na plau iko nyuma?"

"Utalima mpaka Krismasi!"

Saa saba ilifika, robo ya shamba haijaisha. Baba akazima trekta. Akashuka, akajifuta uso kwa kofia. "Mimi ni wa winchi," alisema. "Nimeshindwa. Panda wewe."

Mama alitazama huku na huku, kama kwamba minazi ile ina midomo. "Mimi? Mwanamke juu ya trekta? Watu watasema nini?"

"Watu gani? Mimi, Chiku na kunguru. Daktari kakataza kuinama. Kukaa je, kakataza?"

Nadhani ni lile neno kukaa. Mama alifunga kanga kiunoni, akavua kandambili na kile kiatu cha mti, akapanda. Mimi nilikuwa karibu, ndiyo maana niliona. Miguu ya Baba ni mirefu, na Mama ni mfupi, kimo chake kama changu sasa hivi. Lakini miguu yake iliteremka ikatua juu ya klachi na breki bila kunyooka, bila kutafuta. Juu ya vile vyuma palikuwa na vipande vya mbao, vimefungwa kwa waya na kuzungushiwa kamba ya katani ili mguu usiteleze.

"Vibao hivi vilikuwepo?" Mama aliuliza.

"Sijui," Baba alisema, anatazama minazi. "Labda lilikuja navyo."

Baba akamwelekeza gia, akazungusha hendeli, na mara mbili Mkwe lilimrusha kama anapanda punda. Mara ya tatu likamkubali. Na udongo, nakwambieni, ukaanza kufunguka nyuma yake kama mtu anafunua shuka. Alijua wapi pana tope na wapi pana kichanga kwa kutazama tu majani yalivyoota. Harufu ikatoka ardhini, ile ya baridi, ya chini kabisa, kunguru wakashuka kufuata minyoo. Baba akawa msaidizi, anatangulia kung'oa visiki. Na juu ya makelele yote ya injini nikasikia kitu ambacho nilikuwa nimekisahau. Mama anaimba.

Walipomaliza ilikuwa saa tisa na robo.

Hapo ndipo furaha ikatuingia mchanga. Tukiliacha trekta pale, hadi asubuhi lingebaki fremu, maana vipuri vilikuwa vinatafutwa kama dawa. Na Baba alitakiwa bandarini alfajiri. Tukiliendesha barabarani, askari wa Buguruni atalichukua.

"Trekta si gari," Baba alisema.

"Utamweleza yeye," Mama akasema, "wakati analiburuta kituoni."

Tulikwenda kwa njia za mchanga hadi lami ilipoanza, Baba akazima. Tukakaa kandokando ya barabara tupu kabisa, nzi tu ndio wanapita. Nikaanza kulia. Wakatokea wachukuzi wanane wa Kariakoo na mikokoteni minne mitupu, wametoka kushusha nazi. Wote walimjua Baba, maana hakuna gurudumu la mkokoteni lililovunjika mtaani kwetu bila kupita uani kwetu likatengenezwa. Mkubwa wao, kifua kama pipa, alilizunguka Mkwe mara moja.

"Fundi, amri inasema gari lisiendeshwe. Kuvutwa je?"

Mikokoteni mitupu ikafungwa nyuma ya trekta kama mabehewa ya treni. Wanaume wanane wakashika kamba mbele. Baba akasukuma. Na usukani? "Akae huyo mama," akasema yule mkubwa, "ndiye mwepesi." Basi Mama akakaa kitini, vumbi mpaka kwenye kope, na mimi kwenye bawa. Mmoja anaita, "Huyu nani?" Wote, "Mkwe!" "Anakwenda wapi?" "Kwake!" "Mwacheni alale njiani!" "Hatumwachi!" Na trekta linakwenda, hatua kwa hatua, kimya kama kiti.

Askari alitusimamisha karibu na Ilala. Alikuwa mnene, kaptula yake imepigwa pasi kali. "Hii trekta ya nani?"

"Trekta iko wapi, afande?" akajibu mkubwa wa wachukuzi. "Huu ni mkokoteni. Mbovu kidogo."

Askari hakucheka. Akaenda moja kwa moja kwenye boneti, akaweka kiganja. Akakitoa haraka. "Mbona mkokoteni wenu una moto?"

Wanaume wanane wakatazama chini. Mama ndiye aliyesema, kwa ile sauti yake ya upole ya kukaribishia wageni chai.

"Afande, nimetoka kulima. Kesho bwana shamba anakagua, nami jembe nimekatazwa na daktari. Njia ya mchanga tumekuja na moto, sikufichi. Lami hii hatujaigusa na moto. Hawa wanavuta toka Buguruni. Watazame migongo."

Askari aliitazama migongo iliyolowa. Akamtazama Mama, miguu yake mitupu yenye udongo juu ya vibao, mikono yake usukanini.

"Umelima wewe? Kwa hiki?"

"Mimi."

"Mke wangu angesikia…" akasema, akasogea pembeni. "Nendeni. Ila nisisikie sauti yake. Nikiisikia tu!"

Kariakoo ilitupokea kama bi harusi anaingia. Vigelegele vilianzia barabara kubwa. Mama Zubeda alikuja mbio na kijiko cha vitumbua mkononi. Bi Mwanahawa kasimama kwenye pengo la mabati, mdogo wangu mgongoni, anapiga kelele, "Mkwe karudi kwa miguu! Jamani, mkwe kaja kwa miguu!" Mama aliinamisha uso kwa haya, lakini usukani hakuuachia mpaka trekta likakaa mahali pake. Wachukuzi aliwaahidi mahindi mabichi, na yalipoiva walikula hadi wakafungua mikanda.

Jumatatu Mama alikwenda Tabata na bwana shamba. Nilipotoka shule nilimkuta Mama uani, anapepeta choroko, anaimba. Sikuuliza. Bi Mwanahawa ndiye aliyenieleza kwamba kijana yule aliuliza nani kalima, akajibiwa, akaitoa kalamu sikioni na kuandika jina la Mama, si la Baba.

Jioni ile, kabla ya adhana ya magharibi, Baba alinituma nikarudishe spana kwenye sanduku lake chini ya trekta. Chini kabisa, imefungwa kwa gazeti, niliikuta kandambili ya kijani ya kushoto. Imelowa grisi, na ukingo wa mpira wake wote una alama za penseli, kama iliyochorewa mstari kuizunguka. Kando yake palikuwa na kipande cha ubao kilichobaki, chenye umbo lile lile la mguu.

Nilijua tu kwamba Baba ndiye mwizi, na kwamba nilipigwa bure. Imenichukua miaka kuyafikiria mengine. Kwamba mtu anayepima bolti kwa unywele alipima mguu wa mkewe kwa siri, kwa sababu angemwambia, Mama angekataa. Na kwamba baba yangu alizaliwa Songea, mtoto wa mkulima, amelima tangu hajaota meno yote. Mtu kama huyo mtaro ukamshinda kuunyoosha? Sijawahi kumwuliza. Mama mpaka leo, huko huko Tabata anakokaa, anaamini ni mbuzi wa jirani, na tafadhalini msimwambie.

Siku ile sikusema hata mimi, Chiku mwenye domo. Niliichukua kandambili, nikaingia chumbani, nikatoa kile kipande cha sabuni ya foleni ambacho Mama alikificha cha kumwogeshea mdogo wangu. Nikaenda bombani peke yangu, nikaisugua mpaka grisi ikatoka na penseli ikafutika na kijani chake kikarudi. Nikaikung'uta maji. Kisha nikaiweka mlangoni, kando ya mwenzake wa kulia, pua zikitazama nje.